Glasi ya Sita

Edmonton, London
3 Februari 2025

Kuldip ndugu yangu,

Usishangae kupata barua badala ya kusikia simu. Mwezi wa kumi madaktari walinitoa zoloto, pale sauti inapotokea, na tangu hapo napumua kwa tundu la shingoni. Siwezi kusema. Kunusa pia siwezi, kwa kuwa hewa haipiti tena puani. Mimi niliyekula mkate wangu kwa pua miaka thelathini na minne, nikipima pombe za watu katika maabara za London, siku hizi naweza kuwekewa supu mbele yangu nisijue kama ni ya kuku au ni maji ya kuoshea vyombo. Na hata supu yenyewe sasa inapita kwenye mpira. Ugonjwa umefika kwenye ini. Daktari amenihesabia wiki, hakutaja miezi.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Binti yako Nishma anakielewa akikisikia lakini hakisomi, nami nataka barua hii uisome mwenyewe, kwa macho yako, polepole.

Unaikumbuka Juni 2019. Ile kampuni ya mahoteli ilitaka jin moja ya Kijapani iingie kwenye baa zake zote arobaini, ikawaita watu kumi na wawili walete chupa zao. Wewe ulileta yako, uliyoitengeneza huko Kagoshima na yule mzee Nakazono. Msingi wake ulikuwa pombe kali ya viazi vitamu, ile ya jadi ya kwao, kisha mimea ya hapo hapo, kila mmea ukikenekwa peke yake katika chungu chake, ndipo mkachanganya. Ilikuchukua miaka sita ya kwenda na kurudi. Nyumba ya Harrow uliiweka rehani. Uliniambia mezani kwako, mkeo Geeta akinipakulia kachori, "Laurean bwana, hii ikishika, nitakufa nikiwa nimefanya kitu kimoja kilicho changu."

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandaa meza ya waonjaji. Walikuwa saba, na glasi kumi na mbili, hakuna majina, namba tu. Namba nilizipanga mimi.

Miongoni mwa chupa zile ilikuwamo moja iliyojaa sansho, pilipili ndogo ya kijani ya Wajapani. Haiwashi kama pilipili yetu. Inatia ganzi. Ulimi unatetemeka kama umelamba betri, kisha kwa muda mrefu hausikii kitu. Kila mtu wa kazi yetu anaijua kanuni: jin ya sansho huonjwa mwisho kabisa. Niliiweka ya tano. Yako nikaiweka ya sita. Mapumziko yaliyotakiwa kuwa katikati yao niliyasogeza mbele. Nikasimama nyuma ya meza na kalamu yangu, nikiwatazama watu saba wenye ndimi zilizokufa wakiinywa miaka yako sita. Mmoja aliandika, "Maji." Mwingine, "Haina mwili." Karatasi zao ninazo ndani ya sanduku chini ya kitanda hiki.

Ulikuwa wa mwisho. Jumapili iliyofuata nilikuja Harrow na maua, nikala kachori, nikakupa pole. Ulinishika mkono ukasema, "Angalau wewe ulikuwepo." Nilirudi kwa treni ya Metropolitan nikijitabasamia kwenye kioo cha dirisha.

Yaliyofuata hayakunishangaza. Nakazono alifunga kazi yake. Nyumba iliuzwa, mkahamia kwa Nishma, Kingsbury, juu ya duka, na Geeta akafa katika jiko ambalo hakuwahi kuliita lake. Yote hayo niliyajua kabla hayajatokea, kama mkemia anavyojua kitakachotoka kwenye bomba.

Siandiki kuomba msamaha. Kisasi ambacho aliyelipizwa hakijui ni nusu ya kisasi, nami sipendi kuacha kazi nusu. Sababu yake unaijua tangu mwaka 1960. Nimebakiza haja moja tu hapa duniani, nayo ni kwamba ukiri ulichofanya, kwa mkono wako mwenyewe, kabla sijafa.

Laurean Kamugisha


Kingsbury, London
8 Februari 2025

Laurean,

Barua ilifika Alhamisi. Nishma aliniletea pamoja na chai, akauliza kwa Kiingereza chake imetoka kwa nani. Nikamwambia imetoka kwa rafiki. Nilikuwa sijaifungua.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani dawa zimekuvuruga. Mara ya pili niliyakumbuka yale maua. Yalikuwa meupe. Geeta aliyabadilishia maji siku tisa, akisema maua ya rafiki hayatupwi mpaka yajitupe yenyewe. Mara ya tatu niliinuka nikafungua kabati ambamo nimeweka katoni ya mwisho ya jin yangu, chupa kumi na mbili, nikasimama kuiangalia.

Miaka karibu sita nimejiuliza nilikosea wapi. Nilidhani ni maji ya kuzimulia. Nakazono alidhani ni mkono wake. Aliniandikia kuniomba radhi, mzee wa miaka themanini na nne, akasema pengine ameshazeeka na chungu kimemkataa. Alikufa akiamini hivyo, Laurean. Hilo hukuliandika katika orodha ya mambo uliyoyajua mapema.

Sasa unataka nikiri. Nikiri nini? Mwaka 1960 nilikuwa na miaka kumi na saba, napima sukari dukani kwa baba, Bukoba. Litaje hilo kosa. Usinizungushe kama wakili. Ukishalitaja nitakujibu, na ahadi yangu ni hii: nitajibu kila kitu, hata ambacho hukuuliza.

Kuldip


Edmonton
12 Februari 2025

Kuldip,

Basi nitalitaja. Kemilembe.

Kwa kuwa unajifanya umesahau, nitakukumbusha. Wazazi wetu walipokufa, dada yangu alikuwa na miaka kumi na minane, mimi tisa. Alinilea na kunisomesha kwa kazi moja. Alikuwa akikeneka enkonyagi nyuma ya migomba yetu, pale vijito viwili vinapokutana. Siku za kukamua, alizikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mbichi ndani ya ule mtumbwi wa mti, na siku nzima miguu yake ilinukia nyasi na ndizi, hata ikifika kwenye blanketi tulilojifunika wote wawili. Ada yangu ya shule ya bweni ilitoka kwenye bomba lile, tone kwa tone. Serikali ya Mwingereza iliiita pombe ya moshi, na kifungo chake kilikuwa miezi sita.

Asiye wa ukoo aliyeijua njia ya kufika pale alikuwa mmoja tu. Ulikuwa ukimletea chupa tupu na sukari guru kwa baiskeli. Askari walipomkamata, Oktoba 1960, mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi likizo, jirani yetu aliniambia hivi: "Yule Kalasinga mdogo alionekana akitoka kwa dada yako na baiskeli, mbio kama anayefukuzwa. Hazikupita saa tatu, askari wakafika." Baba yako alikuwa na leseni ya kuuza brandi ya chupa, na enkonyagi ya dada yangu ilikuwa inamharibia soko. Nilijumlisha mimi mwenyewe. Sikuhitaji shahidi wa pili.

Kemilembe alifia gerezani mwezi wa tatu wa kifungo, kwa homa. Mwaka ule nilikuwa nimeshinda tuzo ya kwanza ya sayansi ya jimbo zima, kwa insha, nikapewa kamusi ya kemia. Ilikuwa mkononi mwangu nilipoambiwa amekufa. Ninayo hapa kando ya kitanda. Popote nilipotakiwa kujieleza, kazini, kanisani, kwenye sherehe za watu wa Kagera, tuzo ile imekuwa sentensi yangu ya kwanza, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho alichonilipia.

Ulipofika London mwaka 1972 nilikutafutia chumba, nikakaa karibu nawe makusudi. Ulikuwa huna kitu wakati ule. Kumpiga mtu asiye na kitu ni kupoteza nguvu. Nilisubiri uwe na cha kupoteza, na nilisubiri kwa furaha, Kuldip, kila Jumapili, nikila chakula chako.

Halafu mwaka 2019 niliifungua chupa yako ili niipe namba, nikainusa. Zilikuwa nyasi mbichi zilizokanyagwa. Ilikuwa miguu ya dada yangu. Ulimuuza kwa askari, kisha ukamtia kwenye chupa umuuze mara ya pili. Baada ya hapo kalamu haikunisubiri, iliandika sita.

Kosa lina jina sasa. Kiri.

Laurean


Kingsbury
17 Februari 2025

Laurean bwana,

Niliahidi kujibu kila kitu. Jiegemeze vizuri kwenye mito.

Ni kweli nilitoka kwa Ma Kemilembe siku ile na baiskeli, na ni kweli nilikuwa mbio. Nilikuwa nimekwenda kumwambia akimbie.

Asubuhi ile karani wa boma alikuja dukani. Akatandaza karatasi juu ya kaunta, akamwuliza baba, "Daraja hili la magogo, penye vijito viwili, liko upande gani?" Baba akasema halijui. Alikuwa akilijua sana, yeye ndiye aliyekuwa akinituma huko na chupa. Na usimseme baba yangu kwa habari za brandi. Ma Kemi alikuwa mteja wake mzuri kuliko mapadri, na mapadri wa Bukoba hawakuwa wateja wabaya. Mimi nilikuwa kwenye mizani. Nilikiona kile karani alichokitandaza, tena nilikiona juu chini, na bado niliutambua mwandiko.

Ulikuwa wako.

Ni insha yako, Laurean. Ile yenye kichwa "Sayansi Nyumbani Kwetu." Dada yako hukumtaja, uliandika "mwanamke mmoja wa kijiji chetu." Hapo ulikuwa mwerevu. Lakini mwalimu wenu alikuwa amewafundisha kwamba mchoro usioonyesha mahali si mchoro wa kisayansi, ukaweka kila kitu: chungu, bomba la mwanzi, hori la maji ya kupozea, vijito viwili, daraja, na mshale wa kuonyesha kaskazini. Wakaitundika ukutani siku ya maonyesho ya shule, mkuu wa wilaya akapita na karani wake kuzikagua kazi za wanafunzi bora. Miaka yote hii umekuwa ukijivuna kwamba boma waliiomba ikahifadhiwe. Waliiomba, ndiyo. Wewe ukapata kamusi, karani akapata daraja.

Nilimkuta Ma Kemi anachochea moto. Nikamweleza yote huku nahema. Unajua aliniuliza nini?

"Kachora vizuri?"

"Vizuri sana, Ma. Mpaka mshale wa kaskazini."

"Basi ada haikupotea."

Akacheka, Laurean. Nikamwambia, Ma, kimbia. Akasema chungu kimo motoni, na hicho ndicho cha muhula wa Januari, kitakuwa kimemaliza kutoa saa nane. Akanishika sikio, akalivuta mpaka nikainama. "Asijue. Akijua ataacha shule. Apa kwa Mungu wako." Nikaapa. Ndipo akaokota ukuni akanifukuza nao, na huyo jirani yako akaniona nikikimbia.

Nimekishika kiapo kile miaka sitini na minne. Kila Jumapili ulipoanza ile hadithi ya tuzo yako mbele ya wageni, nilikuongezea chai nikanyamaza. Geeta alikuwa akijua. Ndiyo maana alikuwa akikuhurumia, akikupakulia kwanza wewe. Ungeniuliza, Laurean. Mara moja tu katika miaka yote hiyo. Ningekudanganya kwa upole mpaka kaburini. Leo nakivunja kiapo, na nakivunja kwa furaha. Angalia mwandiko wangu, hautetemeki.

Majani uliyoyanusa ni yale ambayo Wajapani wanasukia mikeka ya sakafu zao. Siku ya kwanza nilipovua viatu mlangoni kwa Nakazono, mikeka ilikuwa mipya, na nilishindwa kuingia. Alidhani naumwa. Nikamweleza habari za mwanamke aliyenifundisha kukamua ndizi kwa nyasi. Hakucheka. Tuliyakeneka majani yale mara arobaini mpaka harufu ikakaa ninavyoikumbuka, kisha tukatafuta vya kuisindikiza: tangawizi kidogo, maganda ya yale machungwa yao madogo machachu. Pombe ya viazi ndiyo iliyokuwa karibu na ile ya ndizi, kwa moshi wake. Nilikusudia hoteli zikiipokea, nikupe wewe chupa ya kwanza bila kukuambia neno, uinuse, uone mwenyewe ni nani.

Uliinusa.

Nimemtuma Nishma akuletee chupa moja pamoja na bahasha hii. Najua huwezi kuinywa wala kuinusa. Ndiyo maana nakuletea.

Na karatasi kuukuu iliyokunjwa humu ndani ni mali yako. Unakumbuka baba alikuwa akinunua karatasi zilizotupwa na boma ili afungie sukari. Mwaka uliofuata ilikuja ndani ya furushi. Nilikuwa naizungusha niifungie ratili moja ya mteja, nikaona mshale wa kaskazini.

Kosa lina jina sasa. Kiri wewe.

Kuldip


Edmonton
21 Februari 2025

Shikamoo Mzee Kuldip,

Mimi ni Suad, mhudumu wa Babu Laurean hapa nyumba ya wazee. Kwetu ni Unguja. Hakunituma mtu kuandika, anwani nimeiona nyuma ya bahasha yako.

Babu husema kwa kuandika kwenye ubao mdogo. Tangu Jumanne alipofungua barua yako mpaka jana hakuandika hata salamu. Ana karatasi moja ya zamani yenye mchoro, huiegemeza kwenye lile dude lake la kamusi, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Siku mbili alikataa kufungiwa mpira wa chakula. Jana akaniandikia: "Fungua chupa. Nusa."

Nikamwambia, "Babu, mimi sinywi, na wewe wajua."

Akaandika: "Pua haina dhambi."

Nikanusa. Akaandika: "Sema."

Nikamwambia mkeka mpya, ule unaotandikwa siku ya harusi kabla hajaukanyaga mtu. Halafu viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu. Na ganda la ndimu, lakini mbali.

Akaandika: "Na miguu?"

Sikufahamu. Nikamwuliza, "Miguu ya nani, Babu?" Akaufuta ubao kwa kiganja, akageukia ukutani.

Mzee wangu, sijui mmeandikiana nini. Kama ni mambo ya kutakana radhi, harakisheni. Na kama ni mambo mengine, basi pia harakisheni.

Wako mwana,
Suad


Edmonton
24 Februari 2025

Kuldip,

Mkono unachoka, nitakuwa mfupi.

Ni mwandiko wangu. Nimeutafutia mchoro ule kosa siku tano, kama mkaguzi, nikitumaini kwamba kijito kimoja nilikisahau au daraja nililiweka upande usio wake, ili karani asingeweza kufika. Hakuna. Kila kitu kipo mahali pake. Walikuwa na haki ya kunipa kamusi.

Nimemtunza adui miaka sitini na minne. Nilimlisha, nikamvumilia, nikampangia siku yake. Kumbe ndiye niliyekuwa nikimnyoa ndevu kila asubuhi.

Nakiri. Nilimpeleka dada yangu gerezani kwa insha, na nilipomkuta tena, ndani ya chupa, nilimzika kwa glasi ya sita. Nilikuwa na pua nzuri kuliko zote mezani pale, nikaisikia harufu yake, na sikuielewa. Nakiri na habari ya Nakazono, na ya Geeta aliyenipakulia kwanza. Siombi msamaha. Sitaki kukupa kazi ya kuukataa.

Waonjaji wanne kati ya saba wangali hai. Kila mmoja nimempelekea karatasi yake ya siku ile pamoja na barua ya kueleza nilivyoipanga meza. Suad amezitia posta. Kwa Nakazono sina anwani.

Lakini kisasi chako bado ni nusu, na mambo haya nayajua kuliko wewe, niruhusu nikuelekeze. Ulichonifanyia umekifanya ndani ya bahasha, tunakijua wawili. Nikifa, watu wetu watakusanyika ukumbini, wasifu wa marehemu utasomwa, ndipo watu wale chakula. Wangu nimeshauandika. Sentensi ya kwanza ni ile tuzo, sikuiondoa. Nimeongeza tu ilimgharimu nani uhai. Ya pili ni ya Juni 2019, na nimeitaja sansho kwa jina. Aliyeandikwa kuusoma ni wewe, na padri ameshaambiwa. Watakuwepo wote waliowahi kunipigia makofi kwa habari ya kamusi ile. Usome kwa sauti, umesimama, na usiniruke mahali ukinionea huruma.

Mwalimu alitaka mahali tu. Mshale wa kaskazini hakuniomba mtu, Kuldip. Niliuongeza mwenyewe.

Laurean


Kingsbury
27 Februari 2025

Laurean bwana,

Suad ameniambia kwenye simu kwamba bado unafumbua macho ukisomewa. Basi atakusomea hii.

Sijakusamehe. Nimekaa siku mbili dirishani nikingoja kama msamaha utakuja wenyewe, na mabasi yote ya Kingsbury Road yamepita, wenyewe haujaja. Nakuambia ili usije ukadhani nimeandika kwa ajili hiyo.

Nitausoma. Nitasimama, magoti yakikataa Nishma atanishika, na sitaruka hata nukta. Penye jina la Ma Kemilembe nitalitaja mara mbili, kwa sababu safari ya kwanza ulimwandika "mwanamke mmoja wa kijiji chetu."

Nishma amekwishauliza habari za ukumbi. Katoni imebaki na chupa kumi na moja. Watu watakapoingia, kabla ya wasifu, kabla ya pilau, kabla pilipili ya mtu yeyote haijagusa ulimi wa mtu yeyote, kila anayekunywa atapewa glasi, na asiyekunywa, kama huyu Suad wako, atapewa anuse. Nitawaambia wangoje kidogo, wasimeze upesi. Nitawaambia watafute nyasi, na baada ya nyasi, watafute miguu.

Safari hii jin itatangulia yenyewe.

Kuldip